Wana wa Mbatian na Enzi Iliyotoka Ugenini

Usiku ule Lenana alijificha katika zizi la ndama. Alikuwa ameyasikia maneno ambayo hayakumhusu: baba yake, oloiboni mkuu Mbatian, mzee aliyekuwa akingoja kifo, alikuwa amemwambia Sendeyo, mwanawe mkubwa, aje alfajiri apokee vifaa vya uganga. Hakujapambazuka vizuri Lenana akatoka zizini, akaingia kwa mzee na kujitambulisha kuwa ndiye aliyeitwa. Mbatian alikuwa na jicho moja tu, na umri ulikuwa umelichosha. Hakumjua. Akamkabidhi rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, vijiwe na mfuko, akambariki awe mkubwa kati ya ndugu zake na kati ya watu wote. Sendeyo alipofika, hapakuwa na kilichobaki cha kupewa. Aliapa kwamba hatamtii mdogo wake, na kwamba atapigana naye mpaka amuue.

Ndivyo Wamasai walivyomsimulia A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, naye akaichapisha simulizi hiyo mwaka 1905 huku Lenana mwenyewe akiwa hai. Anayeijua Biblia atawakumbuka Yakobo na Esau, na mzee Isaka aliyefifia macho. Ni simulizi inayoegemea upande wa Sendeyo, maana inamfanya mdogo kuwa mwizi. Hata hivyo, haisemi popote kwamba baraka iliyoibwa ilitanguka. Vifaa vilishikwa na Lenana, na watu wakagawanyika kati ya aliyestahili kupewa na aliyepewa.

Mbatian alikufa mwaka 1890 au karibu na hapo, akazikwa jirani na mlima Oldoinyo Orok, upande wa Namanga. Jina lake lilikuwa limeshavuma kutoka Kilimanjaro hadi ziwa Baringo. Alitoka katika ukoo wa Inkidongi, ukoo ambao uganga wake mkuu ulirithiwa kutoka kwa baba hadi mwana. Lakini oloiboni hakuwa mfalme. Hakutoza kodi, hakuwa na askari wake, na hakuwa na mamlaka ya kugawa malisho wala maji. Mambo hayo yaliamuliwa na wazee wa kila sehemu ya Wamasai, na morani walikuwa na wasemaji wao waliowachagua rika kwa rika. Kazi ya oloiboni ilikuwa kuona yajayo, kuombea mvua, kutoa dawa ya vita na kuzuia maradhi. Morani walipotaka kuvamia, walimwendea awabariki na awaonyeshe njia, na waliporudi na mifugo walimletea sehemu yake. Nguvu zake zilitegemea imani ya watu, na imani hiyo ilipimwa kwa ushindi.

Mbatian alikuwa na ushindi mkubwa wa kuonyesha, na sehemu yake moja inasimuliwa Nakuru mpaka leo. Katika miaka ya 1870 Wapurko, waliochunga kati ya Naivasha na Nakuru, waliungana na sehemu nyingine kupigana na Ilaikipiak, Wamasai wenzao wenye nguvu wa kaskazini. Mbatian aliwapa dawa yake. Ilaikipiak walivunjwa kabisa, hata wakaacha kuwa jamii inayojitegemea. Waliosalia walitawanyika na kumezwa na majirani. Inasimuliwa kwamba morani wao wengi walisukumwa mpaka ukingo wa Menengai, wakaanguka ndani ya shimo lile la volkano lenye upana wa kilomita kama 12, na kwamba mvuke unaofuka huko chini ni roho zao zinazotafuta njia ya kupanda. Tangu mwaka 2011 mvuke huo umekuwa ukichimbiwa visima ili uzalishe umeme. Ushindi ule uliwaachia Wapurko nyanda zote za Nakuru, Elmenteita na Naivasha, malisho mazuri kuliko yote ya Bonde la Ufa. Hawakukaa nayo kwa amani hata miaka 20.

Maradhi yalianza kabla ya ugomvi wa ndugu. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu ya ng'ombe ilipita mazizini. Kisha ikaja sotoka. Inaaminika iliingia Afrika kupitia Eritrea mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia, ikashuka kusini kwa kasi ya kutisha na kufika rasi ya Afrika Kusini kabla ya muongo mmoja uliofuata kwisha. Mnamo 1890 na 1891 ilikuwa Umasaini. Ng'ombe mwenye sotoka hutokwa machozi na makamasi, mdomo hujaa vidonda, huhara, na hufa baada ya siku chache. Katika maboma mengi hakubaki hata ndama. Mwaka 1892 ndui ikawaangukia watu ambao njaa ilikuwa imeshawamaliza nguvu. Msafiri wa Austria, Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka huo, alikuta wanawake waliobaki mifupa na morani walioshindwa kusimama. Wengine walikimbilia kwa Wakikuyu, na huko mama aliweza kumwacha mwanawe kwa mkungu wa ndizi. Wamasai wanauita wakati huo Emutai.

Mifugo na watu wanapokufa pamoja, na wakati huohuo wana wawili wa mganga mkuu kuliko wote wameapiana kuuana, ni nani asingeyaunganisha mambo hayo? Katika simulizi aliyoandika Hollis, maradhi yalizuka kwa watu wa Sendeyo: walikufa wao, wakafa na ng'ombe wao, huku watu wa Lenana wakisalimika. Kila boma lililokuwa kimya asubuhi lilihesabiwa kuwa kazi ya ndugu wa upande wa pili. Kati ya sehemu za Wamasai, Waloita walimshika Sendeyo, Wapurko na Wakaputiei wakamshika Lenana, na vita vilivyofuata viliendelea kwa miaka kati ya watu waliokuwa hawana tena cha kunyang'anyana isipokuwa ng'ombe wachache walioachwa na sotoka.

Wagiriki wa kale wangeielewa habari hii bila mkalimani. Katika mji wa Thebes alikuwako mfalme Oedipus, ambaye bila kujua alimuua baba yake na kumwoa mama yake, na Thebes yote ikapigwa na tauni kwa ajili ya hatia ya mtu mmoja. Alipoujua ukweli alijitoboa macho. Wanawe, Eteocles na Polynices, hawakumheshimu. Utenzi mmoja wa kale unasema walimpelekea baba yao kipofu nyama ya paja badala ya bega, sehemu iliyomstahili, naye alipoigusa na kujua amedharauliwa akawalaani wagawane urithi kwa upanga. Mmasai yeyote aliyewahi kuona wazee wakigawiwa nyama anajua kwamba hilo si jambo dogo. Ndugu hao walikubaliana kutawala kwa zamu, mwaka huyu mmoja na mwaka ujao mwingine. Eteocles akakataa kushuka. Polynices akaenda Argos, akarudi na jeshi la wageni chini ya makamanda saba, na mbele ya lango la saba ndugu hao wakachomana mikuki, wakafa wote wawili. Aeschylus aliiweka habari hiyo jukwaani Athens mwaka 467 kabla ya Kristo.

Mycenae nayo ilikuwa na jozi yake. Atreus na Thyestes, wana wa Pelops, waligombea enzi iliyofungamanishwa na mwanakondoo wa manyoya ya dhahabu. Thyestes alimwiba kwa msaada wa mke wa kaka yake. Zeus akaligeuza jua lirudi lilikotoka, kuonyesha kwamba enzi ni ya Atreus. Atreus hakuridhika. Alimwalika ndugu yake karamu ya mapatano, akampikia wana wa Thyestes mwenyewe. Simulizi moja ya Kirumi inaeleza kwamba baada ya hapo nchi ya Mycenae iliacha kuzaa, watu wakafa njaa kwa uovu wa mtawala wao.

Katika habari hizi zote, ndugu wa nyumba moja wanakosana na adhabu inawaangukia watu walio nje ya nyumba hiyo. Ila kwa Wagiriki mwenye kuadhibu yuko juu: Zeus analigeuza jua, na laana ya baba inasimamiwa na miungu ya kisasi. Kwa Wamasai, Enkai, Mungu wao, hakutajwa kuwa ndiye aliyekasirika. Uwezo wa kuleta gonjwa ulikuwa mikononi mwa Lenana na Sendeyo wenyewe, umefungwa katika mfuko na pembe walizogombea. Kwa hiyo mtu aliyepoteza ng'ombe wake hakuwa na sababu ya kutubu. Alikuwa na sababu ya kupigana.

Magharibi ya Nakuru, ng'ambo ya milima ya Mau na Tinderet, habari inayokaribiana mno na hii ilikuwa ikitokea katika miaka ileile. Wanandi walikuwa na orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa ukoo wa Talai, ukoo ambao mapokeo yanauhusisha na malaiboni wa Kimasai. Mwaka 1890 Wanandi wenyewe walimuua orkoiyot wao, Kimnyole arap Turukat, kwa marungu. Walimlaumu kwa maradhi ya mifugo, kwa njaa, na kwa uvamizi aliouridhia ambako vijana wengi hawakurudi. Anakumbukwa kuwa ndiye aliyetabiri nyoka wa chuma atakayetambaa kutoka ziwani mashariki akitema moto. Wanawe wawili wakagombea nafasi yake. Koitalel arap Samoei alishinda, na Kipchomber arap Koilegei akaondoka kwenda kwa Wakipsigis akawa orkoiyot wao. Koitalel aliongoza mapambano dhidi ya Waingereza na reli yao mpaka tarehe 19 Oktoba 1905, siku aliyoitwa kwenye mazungumzo ya amani na kapteni Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Katika msafara wa kijeshi uliowavamia Wanandi baada ya hapo walikuwamo mamia ya morani wa Kimasai, upande wa Waingereza.

Walifikaje huko? Hapo ndipo penye ufunguo wa ugomvi wa wana wa Mbatian, na tofauti yake kubwa na ule wa Thebes. Polynices alileta jeshi la wageni kuteka kiti kilichokuwapo tayari. Lenana aliwaendea wageni, na wageni ndio waliokitengeneza kiti.

Mwaka 1894, akiwa amebanwa na njaa, na vita na Waloita, na uhasama wa majirani, aliwaleta watu wake karibu na ngome ya Waingereza ya Fort Smith, Kabete. Waingereza wakati huo walikuwa wachache na dhaifu. Barabara yao ya kwenda Uganda ilipita katikati ya Umasaini, na walijua morani wangeweza kuifunga wakitaka. Mwaka uliofuata wakaona jinsi ambavyo ingekuwa. Mnamo Novemba 1895, katika bonde la Kedong chini ya Naivasha, msafara wa wapagazi wa Kikuyu na Kiswahili uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine uligombana na Wamasai, na mamia ya wapagazi wakauawa. Andrew Dick, mfanyabiashara Mskoti aliyekuwa karibu, aliwafuata Wamasai kwa bunduki, akaua wengi kabla ya kuuawa mwenyewe. Uchunguzi wa serikali ulikubali kwamba wapagazi ndio waliochokoza, na hakukutumwa jeshi la kulipiza kisasi. Pande zote mbili zilikuwa zimetishana vya kutosha.

Kilichofuata kilikuwa biashara ya kijeshi, na faida yake ilihesabiwa kwa ng'ombe. Waingereza walihitaji watu wa kuwasaidia kuyapiga makabila yaliyokataa utawala wao; morani wa upande wa Lenana walikwenda na kulipwa kwa mifugo iliyotekwa. Mazizi yaliyomalizwa na sotoka yakaanza kujaa tena. Upande wa Sendeyo, uliokimbilia eneo la Wajerumani, haukuwa na rafiki wa namna hiyo. Ukame na njaa vya mwishoni mwa miaka ya 1890 vikaumaliza kabisa, na mwaka 1902 Sendeyo akarudi, akamkubali mdogo wake. Kiapo cha kumuua hakikutimia. Mimi naamini ng'ombe waliorudi ndio waliomaliza vita hivyo, zaidi ya uganga wa yeyote kati yao, ingawa kwa walioishi wakati ule ng'ombe kurudi ulikuwa ushahidi tosha kwamba pembe ya Mbatian iko mikononi mwa Lenana kihalali.

Mpanda milima Mwingereza Halford Mackinder aliyefika kileleni mwa Mlima Kenya mwaka 1899 alivipa vilele vya juu majina ya ukoo huu: Batian mita 5,199, Nelion 5,188, jina la ndugu yake Mbatian, na Lenana 4,985. Sendeyo naye ana kilele mlimani humo, chenye mita 4,704.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Lenana alikuwa akiitwa na serikali chifu mkuu wa Wamasai wote, cheo ambacho hakuna Mmasai aliyewahi kuwa nacho. Baba yake mwenyewe, kwa sifa zake zote, asingethubutu kuwaambia Wapurko wa Nakuru wahamie wapi. Kwa Waingereza cheo hicho kilikuwa na manufaa makubwa: mtu mmoja angeweza kuweka alama kwenye karatasi kwa niaba ya taifa zima. Reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900, na masetla walikuwa wanateremka ndani yake wakitafuta mashamba. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903. Kamishna Charles Eliot aliyatazama malisho ya Naivasha na Nakuru akaona nchi tupu iliyokosa wenyewe, kwa sababu Emutai ilikuwa imewapunguza wachungaji kuliko wakati wowote uliokumbukwa. Adhabu ambayo watu waliwahesabia ndugu wawili ndiyo iliyoifanya nchi ionekane haina mtu.

Januari 1904 Nakuru ilitangazwa kuwa mji. Agosti mwaka huohuo Lenana alitia alama mkataba na Kamishna Donald Stewart, akitajwa kama kiongozi wa Wamasai wote. Wamasai waliondolewa katika Bonde la Ufa la kati, eneo walilowatoa Ilaikipiak kwa damu miaka 30 iliyotangulia, wakapewa hifadhi mbili: moja kaskazini, Laikipia, na nyingine kusini, kuanzia Ngong. Zingeunganishwa na njia ya mifugo. Ahadi ilikuwa kwamba mpango huo utadumu maadamu Wamasai wapo. Legalishu, msemaji wa morani wa Kipurko, alikuwa miongoni mwa walioweka alama. Yeye ndiye aliyekuwa na watu wa kuhamisha. Lenana aliishi Ngong, na Ngong haikuguswa.

Delamere, katika Njoro yake mpya, naye hakusalimika na maradhi: alileta kondoo kutoka New Zealand wakafa kwa wingi, kwa kuwa udongo ule ulikosa madini wanayoyahitaji. Ng'ombe wake nao walipukutishwa na homa ya mapafu.  

Lenana alikufa tarehe 7 Machi 1911. Maofisa walitangaza kwamba wosia wake wa mwisho ulikuwa Wamasai wote waishi pamoja kusini na waitii serikali. Wosia huo uliafikiana kabisa na matakwa ya masetla waliokuwa wameanza kuitamani Laikipia, na Wapurko wengi hawakuuamini, wala sioni sababu ya kuwalaumu. Kabla ya mwezi mmoja kutimia, tarehe 4 Aprili, mkataba wa pili ulitiwa alama ya Segi, mwana wa Lenana aliyekuwa bado kijana. Ahadi ya kudumu milele ilikuwa haijatimiza miaka 7.

Safari hii Legalishu hakukubali moyoni. Uhamisho wa kwanza ulivunjika njiani, mifugo na watu wakikwama kwenye mvua na baridi ya Mau, ukaanza upya mwaka 1912. Norman Leys, daktari wa serikali aliyewapa Wamasai habari na ushauri, alihamishwa akapelekwa Nyasaland. Mwaka 1913 Mmasai aitwaye Ole Njogo na wenzake waliishtaki serikali Mombasa wakitaka mkataba wa 1904 uheshimiwe. Mahakama Kuu iliitupa kesi Mei, na Desemba Mahakama ya Rufani ikaitupa tena. Sababu waliyotoa majaji inastahili kusomwa polepole. Walisema Wamasai si raia wa Uingereza. Ni taifa la kigeni lililo chini ya himaya, lenye watawala wake, na makubaliano kati ya taifa kama hilo na Mfalme wa Uingereza ni mkataba wa dola kwa dola. Mahakama ya kawaida haina uwezo juu yake. Enzi ambayo Mbatian hakuwa nayo, ambayo serikali ilimpa mwanawe ili ipate wa kuweka alama, sasa ilitumiwa kuwafungia watu wake mlango wa mahakama. Wakati rufaa inatupwa, sehemu kubwa ya Wapurko walikuwa wameshavushwa kusini ya Mau.

Upande wa pili wa Mau, ukoo wa Kimnyole haukusalimika. Mwaka 1914 Kipchomber aliondolewa kwa Wakipsigis akapelekwa uhamishoni, na mwaka 1934 serikali ilitunga sheria maalumu ya kuuondoa ukoo mzima wa Talai Kericho, wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa mwaka 1923 na hakuachiwa mpaka 1964, bendera ya Kenya huru ikiwa imeshapanda. Malalamiko ya Watalai na Wakipsigis yalifika mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi, nayo mwaka 2019 ilikubali kwamba walidhulumiwa. Wamasai walikuwa wameandamana Agosti 2004, mkataba wa Lenana ulipotimiza miaka 100, wakidai Laikipia irudishwe. Wachungaji waliingiza mifugo katika ranchi, polisi wakawatoa kwa nguvu, na serikali ikajibu kwamba hati za wenye mashamba bado zina miaka mingi mbele yake.